Tupeane uzoefu: mipangilio inayopotea kwenye Windows, Mac na Linux

MkaziWaTudor: Stima imekatika mara tatu tangu asubuhi huku Tudor, na kila ikirudi kuna programu ya kaunta inafunguka imesahau lugha, printa, kila kitu. Nyinyi mnaoandika programu za kutumika kotekote, mipangilio ya mtumiaji mwaiweka wapi, na nini huwachoma?

Fundi_Makadara: Kosa la kwanza ni kuiweka faili kando ya programu yenyewe. Ndani ya Program Files mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Tangu Vista, programu nyingi za zamani zikilazimisha, Windows huihamishia faili kimyakimya kwenye AppData\Local\VirtualStore. Juma abadilisha, Halima haoni kitu, nawe ukiifungua faili uliyoisakinisha wakuta haijaguswa. Pahali pake ni %APPDATA% kwa Windows na ~/Library/Application Support kwa Mac. Linux usome kwanza XDG_CONFIG_HOME, kigezo cha mazingira kinachotaja folda ya mipangilio. Ikiwa tupu ndipo utumie ~/.config. Vya kache tia ~/.cache, watu huifuta bila kukuuliza.

BintiFrereTown: VirtualStore ni jini kabisa.

Kibao_Kipya: Mwajitaabisha. QSettings, ile ya maktaba ya Qt inayohifadhi mipangilio, mistari miwili, yaishe.

Fundi_Makadara: Yaishe wapi, shekhe? Ukiiachia ichague yenyewe, Windows huandika kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows yenyewe), Mac kwenye plist (faili ya mipangilio ya Mac), Linux kwenye faili ya .conf. Mteja wa Kilindini akipiga simu, utamwambia akutumie faili gani? Na ufunguo "Printa" na "printa" kwenye Linux ni viwili, rejista haitofautishi.

Kibao_Kipya: Kwani IniFormat huijui? Itaje unapounda hiyo QSettings, upate faili ya .ini kote.

Fundi_Makadara: Naijua. Wewe ndiye hukuitaja.

BintiFrereTown: Na hiyo plist msiihariri kwa mkono. cfprefsd, mtumishi wa Mac anayesimamia mipangilio, ameshika nakala yake, mabadiliko yako atayapuuza. Tumia amri ya defaults write.

Mzee_wa_Seva: Tudor, yako ni stima, si folda. Kuna duka moja la vipuri, silitaji, lilipigwa hivyo hivyo. Programu ilikuwa yafungua settings.json kwa hali ya kuandika, na kufungua huko peke yake huikata faili mpaka baiti 0, kabla herufi moja haijaingia. Stima ikazimika papo hapo. Iliporudi, programu ikaona faili tupu, ikaamua ni mara ya kwanza kuwashwa, ikajaza chaguo za mwanzo na KUZIHIFADHI. Ushahidi ukazikwa. VAT iliyokuwa 16 ikarudi 0, na risiti zikatoka hivyo mpaka saa nane mchana, karani mmoja alipoona jumla yalingana na bei ya rafuni.

Dawa: andika settings.json.tmp, fanya fsync (ilazimishe ishuke diskini kweli), kisha rename, yaani uibadilishe jina iwe settings.json. Iwe folda ileile! /tmp ikiwa kwenye mfumo mwingine wa faili, rename itakataa kwa kosa la EXDEV. Windows, rename() ya C hukataa jina likiwapo. Tumia MoveFileEx pamoja na MOVEFILE_REPLACE_EXISTING. Kwa Python, os.replace yatosha kote. Na faili isiposomeka, usiandike juu yake: ibadilishe jina iwe settings.json.bovu, kisha umwambie mtu.

Kibao_Kipya: Hiyo VAT alilipa nani??

Mzee_wa_Seva: Tusiulizane hapo.

Pwani_Kodi: Nunueni UPS tu, ile betri ya akiba.

BintiFrereTown: UPS haimzuii mtu wa ndoo na mopu kung'oa waya kwa mguu.

Pwani_Kodi: Haya. Basi na desimali: laptopu ya hoteli iliyopangwa Kijerumani huandika 1,5, ya ofisini yasoma 1. Namba ziandikwe kwa nukta daima, lugha ya mashine isiingie faili. Na mahali pa dirisha: skrini ya pili ikichomolewa, x = -1800 hulipeleka baharini. Hakiki kwanza kama laangukia skrini iliyopo.

MkaziWaTudor: Nimeiangalia ile ya kaunta. Baiti 2, ndani mna {} basi.

Mzee_wa_Seva: Hiyo yahifadhi yaliyobadilishwa tu, kwa hivyo ishajiandika upya. Tazama saa ya faili: ni ya stima kurudi?

MkaziWaTudor: 10:42. Ilirudi 10:41.