Nabii akitaja jina na ugonjwa bila kukosea, tumpime kwa lipi tena?

Mwanamwanga:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwenye ushirika wetu wa nyumbani hapa Mwanga, Kigoma, anakuja nabii ambaye hatujui katumwa na kanisa gani. Anataja majina matatu ya mtu, ugonjwa wake, hata idadi ya watoto. Sasa anauza mafuta ya upako, elfu kumi chupa, ya kupaka nyavu na taa za mitumbwi. Wavuvi wa Kibirizi wananunua kabla mbalamwezi haijaisha warudi ziwani. Tena ameanza kuwaambia wagonjwa waache dozi. Ukihoji unajibiwa, "Anayosema yanatimia, basi katumwa." Kimaandiko tunampimaje bila kumzimisha Roho?

Katekista_Kasulu:
Tumsifu Yesu Kristo. La dozi halisubiri kupimwa. Mtu akikatiza ARV, virusi huongezeka upya na vinaweza kuwa sugu. TB ya kawaida hutibiwa miezi 6, na kuacha katikati ndiko kunakozaa TB sugu. Waambieni waendelee na dawa leo, huyo nabii mtamhoji baadaye.

Sasa kipimo. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Watu huugeuza mstari: likitimia, basi Bwana kalinena. Haisemi hivyo, na sura ya 13 ilishauziba mwanya huo: ishara inaweza kutokea kweli na nabii bado asisikilizwe, ikiwa anawavuta kwa miungu mingine. Someni pia Matendo 16:16-18. Yule kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi alimtangaza Paulo kwa maneno ya kweli kabisa, siku nyingi. Paulo hakubishana na maneno, alimtoa pepo. Waliokasirika ni mabwana zake, kwa kuwa faida ilikatika. Kwa hiyo ulizeni anawapeleka wapi, na nani anapata fedha.

FundiSimu_Gungu:
Majina matatu hayahitaji ufunuo. Anza kutuma pesa kwa namba ya mtu: kabla hujathibitisha, jina lililosajiliwa linatokea kwenye simu. Unasitisha, jina unalo. Namba zenyewe zinapatikana kwenye karatasi za maombi mnazojaza mlangoni, na kwenye grupu la WhatsApp ambako kila aliyemo anaziona. Ugonjwa na watoto mara nyingi mtu amewasimulia "wahudumu" akiwa kwenye foleni. Mkutano ujao msijaze karatasi yoyote, na waketisheni watu wawili watatu ambao namba zao hazipo kwenye grupu. Akiwaruka hao tu, mna swali halali la kumuuliza.

Upako_Ujiji:
Mnahukumu haraka. Leso za Paulo ziliponya, Matendo 19:12. Elisha alitumia chumvi. Na imeandikwa msitweze unabii.

Mwinjilisti_Tabora:
Mpendwa Upako_Ujiji, imeandikwa, na mstari unaofuata unasema jaribuni mambo yote. Leso za Paulo hakuna aliyeziuza. Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipomkimbilia Naamani na kupokea talanta 2 za fedha na mavazi 2, aliondoka na ukoma. Yakobo 5:14 nayo inawaita wazee wa kanisa waje kwa mgonjwa, wamwombee na kumpaka. Hakuna chupa inayobaki nyumbani wala kwenye mtumbwi.

Na hapo kwenye mtumbwi ndipo penye hatari kubwa kuliko hata uongo wa majina. Hirizi iliyokuwa inafungwa kwenye nyavu imebadilishwa jina, kazi ni ileile. Nyoka wa shaba aliamriwa na Mungu mwenyewe, Hesabu 21, na watu walipona kweli. Bado mfalme Hezekia alimvunja vipandevipande, 2 Wafalme 18:4, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Hivyo hata aliyepona jana kwa mafuta hayo hajamaliza hoja.

Ushirika usome 1 Wafalme 13 wote, polepole. Mtu wa Mungu alikuwa na agizo wazi: asile, asinywe, asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee akamwambia malaika kasema arudi ale kwake. Akakubali bila kuuliza, akauawa na simba. Linalotisha ni kwamba mzee huyohuyo, mezani hapohapo, alipokea neno la kweli. Kuwa na neno la kweli leo hakumpi mtu hati ya kuaminiwa kesho.

Kwa utaratibu, shikeni 1 Wakorintho 14:29. Wanene wawili au watatu, wengine wapambanue. Nanyi ongezeni: iwe mbele ya wote, na mwenzao aandike. Msikubali unabii wa chumbani. Mpigieni mchungaji anayesemekana kumtuma. Cheti cha Msajili wa Jumuiya kiulizwe, ingawa kinathibitisha usajili tu, mafundisho hapana. Na mtu asiahidi sadaka siku ileile: katika Yoshua 9 Wagibeoni walijifanya wametoka mbali, Waisraeli wakatazama mikate yao mikavu na viriba vilivyochakaa, hawakutaka shauri la Bwana, wakuu wao wakaapa. Baada ya siku 3 ukweli ukajulikana, na kiapo hakikufutika.

Mwanamwanga:
Ameni, mtumishi. Na waliokwisha kununua? Kuna wanaotaka kuzimwaga ziwani.

Katekista_Kasulu:
Wasizimwage kwa hofu. Anayeogopa chupa bado anaiamini. Mvuvi aingie ziwani bila kupaka chochote, aombe kama kawaida, atege. Atakayeshindwa kuondoka ufukweni bila chupa yake, huyo ndiye mkaketi naye kwanza, wazee wawili, kabla ya kumshughulikia nabii.