Tupeane uzoefu: maisha uliyonayo uliyachagua, au yalikukuta tu?

Mwalimu wa Igombe
Wakuu, salaam. Jana pale Mwaloni Kirumba ubishi uliwaka: mmoja anasema yote yameshaandikwa, mwenzake anasema huo ni uvivu uliotafutiwa jina zuri. Nataka visa vyenu, siyo mahubiri. Mimi ualimu sikuuomba, matokeo ya kidato cha nne yaliniamulia. Kubaki Igombe wenzangu walipohama, hilo nilitaka mwenyewe. Au najidanganya.

Mtu wa Dagaa
Mkuu, mbalamwezi ikiwaka hatuingii ziwani. Dagaa wanafuata taa zetu, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi. Kwa hiyo ratiba yangu anapanga mwezi, na pato anapanga tajiri mwenye mtumbwi. Lakini siku za mbalamwezi ndo utamjua mtu. Wenzangu hela ya giza inaishia kwenye bia, wanakopa kwa tajiri, giza likirudi wanavulia deni. Mimi kila tukipiga hesabu naweka kwa mama lishe wa kambini, nilimwambia asinipe hata nikimlilia. Nimelia kweli, akakataa. Sasa nina nyavu zangu. Hapo mwezi haukuhusika.

Kapera wa Igoma
Na mama lishe angekuwa tapeli?

Mtu wa Dagaa
Nilimchagua, sikuokota.

Binti Kagera
Mama alikuwa apande MV Bukoba, Mei 1996. Mdogo wangu akashikwa na homa, safari ikaahirishwa. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikazama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Nyumbani tunasema Mungu alimficha. Sawa, ila jirani yetu aliyepanda, naye alikuwa mtu wa sala. Na meli ya abiria 430 kujazwa kupita kiasi siyo nyota ya mtu, kuna watu waliamua. Septemba 2018 ikaja MV Nyerere kule Ukara: kivuko cha watu 101, waliokufa peke yao zaidi ya 220. Aliyeruhusu kijae alikuwa na hiari. Mama aliyebeba mtoto, anawahi kabla giza halijaingia, angechagua nini?

Msomi wa Nyegezi
Mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet alipima ubongo wa watu walioambiwa wakunje mkono wakijisikia. Ubongo ulianza kujiandaa kama theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajahisi kwamba ameamua. Ila Libet mwenyewe alishikilia kwamba bado una nafasi ya kughairi.

Kapera wa Igoma
Kukunja mkono siyo kuoa, mdogo wangu. Mimi nimeghairi mara mbili, mahari ishapangwa.

Mwalimu wa Igombe
Hahaha! Kapera, hebu tupe kisa kizima. Ulighairi wewe au ukweni?