Apollo 11 kwenye simuleta: komputa inasema bado niko juu, mie nimeshagonga mwezi. Naomba ushauri!

Ndosho_Angani (mwenye uzi, Goma)
Jambo kwenu bakubwa na badogo wa humu. Niko na shida na sijui niulize nani hapa Goma ju kila nikisema natafuta kutua ku mwezi batu banacheka. Tarehe 20 Julai nataka nionyeshe batoto wa kartie, kama ishirini hivi, namna Apollo 11 ilitua 1969, kwa projekta ku ukuta wa sali. Si video, hapana, mie mwenyewe naendesha mbele yao. Natumia Orbiter, ile ya bure ya Martin Schweiger, na juu yake nimeweka NASSP, njo ile yenye komputa ya Apollo na programu yake ile ile ya zamani. Nilijifunza na Delta-glider kwanza, ile ilikuwa mchezo, natua Brighton Beach huku naongea na simu. Lakini hii Eagle, chombo cha kutua cha Apollo 11! Jana usiku ilikuwa mara ya kumi na saba, na zote kumi na saba nimegonga.

Mambo inaenda hivi. Naanza na senario ya kabla ya PDI (pale injini inawaka kuanza kushuka), niko kama kilomita 15 juu, spidi karibu mita 1,700 kwa sekunde. Nabonyeza V37 ENTER, 63 ENTER, P63 inaingia (programu ya kwanza ya kushuka), V99 inametameta (komputa inaomba ruhusa ya kuwasha injini), PRO (endelea), moto inawaka, mpaka pale kila kitu muzuri. Dakika za kwanza nakaa tu naangalia mwezi unapita dirishani, mashimo kwa mashimo, kahawa inapoa sijui. Kisha kama dakika ya nane na nusu P64 (programu ya kukaribia fasi ya kutua) inaingia, chombo kinajisimamisha, na mbele yangu ni udongo. Karibu sana! Komputa inaandika bado futi elfu tatu na kitu, mie naona vivuli vya mawe, halafu puuu. Mama ananiuliza kutoka chumbani, "umekufa tena?"

Laptopu ni ya zamani, ndani yake kuko vumbi ya lava ya kutosha kupanda viazi. Shida ni laptopu ao ni mie?

Kivu_Retro (Bukavu)
Ni weye, ndugu, laptopu uiache. Umeandika "naangalia mwezi unapita dirishani". Kama dirisha inaangalia mwezi mpaka mwisho wa P63, radari ya kutua inaangalia wapi? Inaangalia nyota.

Armstrong naye alianza uso chini, ila alikuwa na sababu, alikuwa anapima kwa saa wakati alama za mwezi zinapita, njo vile alijua mapema kama wanapita mbele ya ratiba kwa sekunde mbili tatu, na kweli walitua karibu kilomita 6 mbele ya fasi iliyopangwa. Lakini kama dakika ya nne aligeuza chombo, madirisha juu, ndiyo radari ikashika ardhi. Na unajua ilikuta nini? Tofauti ya futi 2,900 na ile komputa ilikuwa inafikiri! Komputa ilizani wako juu kuliko ukweli. Sasa rudia kusoma ile namba yako ya "elfu tatu na kitu".

Komputa haina macho, inahesabu tu toka pale ulipoianzisha, kosa linabaki ndani. Kwa hiyo geuza chombo mapema, ngoja radari ishike, angalia ile delta H (tofauti ya urefu kati ya radari na komputa), kama haichezicheze piga V57, amri ya kuambia komputa ikubali radari. Ukisahau V57 radari itaona ardhi muzuri sana na komputa haitaisikiliza, utagonga vilevile.

Chukudu_1969 (Goma)
Kumbe ni jirani wangu huyu! 😂 Hiyo "umekufa tena" nimeisikiaka mpaka kwetu.

Mtu_wa_Maswali
Mie naona munapoteza umeme bure, hakuna mutu alifika kule, ni studio.

Kivu_Retro (Bukavu)
Apollo 11 iliacha kule kioo cha kurudisha mwanga wa leza, na mpaka leo wanapima nacho umbali wa Dunia na mwezi. Ukitaka kubishana fungua uzi wako, hapa tuko kwa V57.

Ndosho_Angani (mwenye uzi)
Mukubwa Kivu_Retro, Mungu akubariki. Nimejaribu leo asubuhi kabla umeme haujaenda. Nimegeuza, taa mbili za radari zikazima, delta H ikakuja karibu sawa na ile ulisema, V57, na ile tofauti nikaiona inapungua pole pole mpaka karibu sifuri, nimepiga makofi peke yangu. P64 ikaingia, mara hii kuko nafasi, naona mpaka mbali. Nikashika usukani, nikasimama angani nachagua fasi ya kutua, huku mawe, kule shimo, huku tena mawe. Mafuta ikaisha niko mita 40 juu. Ya kumi na nane hiyo.

Dada_Fizikia (Lubumbashi)
Kaka, kusimama angani njo kunakula mafuta. Mwezi unakuvuta mita 1.62 kwa sekunde kila sekunde, hata kama hausongi mbele unalipa. Pale mwishoni Eagle iko na kama tani 7, ukihesabu ni karibu kilo 4 za mafuta kila sekunde ya kutazamatazama, yaani kama debe moja la maji kila sekunde tano. Armstrong alikuta shimo kubwa na mawe sawa gari, lakini hakusimama kuyashangaa, aliliruka akiendelea mbele huku anashuka. Kwa redio walimuhesabia sekunde 60, kisha 30, na alitua.

Tena usichukue usukani mapema. Mule P64 dirisha lina mistari, komputa inakupa angle, unaangalia kupitia ule mustari njo unajua inakupeleka wapi, kama hapafai gonga fimbo mara moja moja itasogeza fasi. Chini ya futi 500 ndiyo utoe swichi kwa AUTO uipeleke ATT HOLD (weye njo unashika kuinama kwa chombo) na ugonge ROD (swichi ya mwendo wa kushuka), P66, programu ya kutua kwa mkono, itaingia. Kila ukigonga, mwendo wa kushuka unabadilika kwa futi moja kwa sekunde. Weye shika kuinama tu, injini komputa itaiangalia. Na usiguse kuharakisha wakati, batu wengi wanaanguka juu ya ile kitu.

Chukudu_1969 (Goma)
Na ile alarm 1202, ile komputa ya Apollo 11 ilitoa wakati wa kushuka? Batoto banapendaka kelele.

Dada_Fizikia (Lubumbashi)
Usiilazimishe, waelezee tu. Radari nyingine, ile ya kukutana na chombo cha Collins, mwenzao aliyebaki anazunguka mwezi, ilikuwa inakula wakati wa komputa, kazi zikajaa, komputa ikatupa zile ndogo ikabaki na za kutua.

Kivu_Retro (Bukavu)
Halafu saa. Walitua 20:17 saa ya dunia, kwetu ni saa ine na dakika kumi na saba usiku. Batoto wa Ndosho saa ine usiku njiani? Fanya saa kumi jioni, hakuna atakudai. Na piga Ctrl+S mbele ya PDI, grupu ya umeme ikizima usianze toka mwanzo.

Ndosho_Angani (mwenye uzi)
Jibu la mwisho kabla sijalala. Ya ishirini na tatu. Nimeruka shimo, nimegonga ROD mpaka futi 3 kwa sekunde, vumbi ikaanza kukimbia, siangalii tena nje naangalia namba tu. Ile taa ya bluu ya CONTACT ikawaka, zile fimbo za mita 1.7 chini ya miguu zimegusa, nikazima injini. Mafuta asilimia 6. Nimekaa sisemi kitu.

Mama amekuja mwenyewe mpaka mlangoni kuangalia mbona kimya.