Kumuaga Upendo, Moshi: ngoma ngapi?

[07:02] Mama Neema: Habari za asubuhi wanakamati. Ratiba inaenda kwa mchapaji leo saa 11 jioni. Rasimu iko hapa tangu jana, watu 43 mmeiona, aliyejibu ni mmoja. Naombeni mpitie, hasa vipengele vya ngoma.

[07:40] Mjomba wa Pasua: Hilo nimeshalishughulikia. Ngoma 12 kama ulivyoandika. Kikundi cha Majengo wanazo 5, hizo 7 nazifuatilia Himo.

[07:41] Mama Neema: Shikamoo mjomba. Jamani hapana! Ngoma 12 ni za DJ, nyimbo za kuingilia. Za ngozi ni 3 tu.

[07:43] Mjomba wa Pasua: Marahaba. Umeandika "ngoma 12 ziwe zimefika ukumbini saa 8". Wimbo unafikaje ukumbini?

[07:44] Kaka DJ: 😂😂 Unafika na flashi mjomba

[07:44] Binamu Rombo: Kodi fuso kabisa 😂😂

[07:52] Mama Neema: Tusicheke, hapo kuna hela. Mjomba, umeshatoa kianzio?

[08:15] Mwalimu jirani: Kosa liko kwenye kitenzi. Neno ngoma peke yake halisemi kitu, linalosema ni kinachotendeka. Ikiwambwa, ni chombo. Ikichezwa, ni mchezo mzima na nyimbo zake na watu wake, kama sindimba ya Wamakonde. Ikitoka au ikiachiwa, ni wimbo mpya wa msanii. Mtego uko kwenye "kupiga", maana mpigaji anapiga ngoma na DJ naye anapiga ngoma. Kwa hiyo za DJ ziandikwe NYIMBO.

[08:17] Mwalimu jirani: Halafu mstari wa 4 ni hatari. "Saa 9:30 Upendo achezwe ngoma na shangazi zake." Mwali anayechezwa ngoma ni anayefundwa, tena kwa faragha. Kuna wageni wa Tanga na Bagamoyo, watashtuka kusikia linafanyika mbele ya MC. Andika "Shangazi wacheze na Upendo", basi.

[08:20] Shangazi Rau: Uwiii, afadhali umeliona.

[08:22] Shangazi Rau: Na bendi je, mwalimu? Msondo Ngoma wana magitaa na bado wanajiita ngoma.

[08:29] Mwalimu jirani: Msondo ni ngoma ndefu ya kusimama. Bendi ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Msondo likawa jina la mtindo wao, baadaye ndilo likabaki jina la bendi. Na Kizulu "ingoma" ni wimbo. Kwa hiyo vijana wanaoita wimbo ngoma hawajaharibu lugha.

[08:31] Mama Neema: Asante mwalimu. Turudi kwenye ratiba. Monduli mpo?

[09:05] Wifi Monduli: Tupo wifi. Sisi msituwekee ngoma za ngozi. Ngoma ya Kimaasai haina ngoma, ni koo, vifua na miguu. Kiongozi anatoa wimbo, wengine wanaitikia. Tunachohitaji ni uwanja, hata mita 6 kwa 6. Si kwenye vigae, mrukaji atateleza. Si kwenye jukwaa la mbao pia, linavuma mpaka wimbo hausikiki.

[09:08] Kaka DJ: Kumbe! Nilisoma "ngoma ya Monduli" nikapanga maiki 4 chini, usawa wa magoti.

[09:10] Wifi Monduli: Hizo zitakamata vishindo vya miguu tu. Moja apewe kiongozi, mbili ziwe juu kwenye stendi upande wa waitikiaji, usawa wa vichwa.

[09:11] Kaka DJ: Sawa shemeji. Nyasi za nje basi. Nitahitaji waya wa mita 30, niliyo nayo ni 15.

[09:30] Mama Neema: Nani ana waya?

[10:48] Baba Elia: Samahani, nilikuwa kazini. Hizi 3 za ngozi mmezipanga saa 10:15 baada ya hotuba 4. Hotuba zitavuka muda na baridi hii ya mwezi wa 7 itakuwa imeingia. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea, ngoma inatoa sauti ya kopo. Kwa hiyo:
Jiko la mkaa liwe nje upande wa wapishi, mkaa uwe umekolea, usiwe na ndimi za moto. Ngoma ikae mbali na jiko kiasi cha urefu wa mkono, mtu aizungushe muda wote. Ile kubwa ina ngozi ya ng'ombe, dakika 10. Ndogo mbili ni ngozi ya mbuzi, zisizidi 5, nyembamba hizo, zikipitiliza zinapasuka pembeni kwenye vigingi. Jaribu kwa vidole, katikati kisha ukingoni. Ukingo ukilia kwa ukali na katikati ikavuma, toa. Usiilaze kwenye saruji, iweke juu ya mkeka na kitenge. Zianze kupashwa MC akimwita msemaji wa mwisho, si kabla. Ndani ya nusu saa zitalegea tena.

[10:50] Mama Neema: Hii ndiyo kazi. Nani atasimamia jiko?

[11:15] Binamu Rombo: Mjomba akishuka na zile 12 watu watasema huyu ana ngoma 😂😂😂

[11:16] Shangazi Rau: Binamu, futa.

[11:18] Binamu Rombo: Utani tu shangazi

[11:19] Shangazi Rau: Hata Krismasi mlisema utani. Na aliyetaniwa yumo humu anasoma.

[11:21] Mama Neema: Naombeni tusilifungue hilo leo. Saa 11 inakuja.

[11:58] Bibi Uru: 🎤 0:47

[12:06] Mama Neema: Naandika kwa walio kazini, maneno ya bibi: "Ngoma ni kitu cha kukusanya watu. Mkaifanya jina la ugonjwa, mkamcheka nalo mtoto wa nyumba hii mbele ya wageni. Krismasi ile nilisikia nikanyamaza, nilikosea. Aliyesema aje Uru kabla ya Jumamosi, na ampitie mwenzake waje wote wawili. Asitume ujumbe. Wasipokuja, kiti changu cha mbele mtampa mwingine."

[12:07] *Binamu Rombo amefuta ujumbe*

[13:40] Baba Elia: Tumekusikia bibi. Shikamoo.

[14:22] Zawadi: Jiko nitasimamia mimi. Nitakuja na mkaa nusu gunia. Baba Elia, nielekeze hiyo ya vidole tukikutana.

[14:25] Baba Elia: Sawa mwanangu. Njoo saa 7, tuanze na ile kubwa.

[15:10] Mama Neema: Ratiba mpya: nyimbo 12 za DJ, ngoma 3 za kupigwa, ngoma ya Monduli kwenye nyasi. Muda wa ngoma 3 nimeacha wazi. Waya bado. Binamu, unakwenda Uru lini?

[15:31] Mama Neema: Binamu?

[16:34] Mjomba wa Pasua: Kianzio nilishatoa cha zote 12. Nawapigia Himo tangu saa 8, simu inaita tu.