Ivanschitz alikuwa msaliti wa Rapid, au alionewa?

Kiungo Mkabaji: Wadau, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Andreas Ivanschitz, yule kiungo wa mguu wa kushoto wa Austria. Rapid Wien, klabu ya Vienna, walimlea, wakachukua naye ubingwa wa Austria 2005. Januari 2006 akahamia Salzburg, klabu nyingine ya Austria, ambayo Red Bull, kampuni ya kinywaji, walikuwa wameinunua mwaka uliotangulia. Mashabiki wa Rapid wakawa wanamzomea hata akivaa jezi ya taifa. Mimi nasema alionewa. Nyie je?

Kijana wa Tabata: Msaliti, tena mkubwa. Salzburg yenyewe ilikuwa imevuliwa rangi yake ya zambarau, mashabiki wake wakaondoka wakaanzisha klabu yao upya. Wewe umelelewa Rapid, unafuata nini huko kama si pesa? Na hakukaa! Mwaka uleule akaenda Panathinaikos kwa mkopo. Kisha Mainz, Levante, Seattle, Plzeň. Huyo ni mchezaji daladala, kila kituo anashuka.

Kiungo Mkabaji: Rapid msimu ule Ligi ya Mabingwa walifungwa mechi zote sita, kundi la Juventus, Bayern na Brugge. Kijana wa miaka 22 aliyeona kiwango kile, mnataka agande tu?

Mama Naila wa Muscat: Mimi nitalijibu hilo neno daladala. Mwaka wa kumi na moja huu niko Ghuba. Nimeanza Doha, nikaenda Dubai, sasa Muscat. Mkataba ukiisha nafungasha. Mwanangu yuko kidato cha nne kwa hivyo vituo mnavyovicheka. Mtu anayekwenda kazi ilipo anaitwaje msaliti?

Kijana wa Tabata: Mama, sikukusema wewe. Nimesema mpira.

Mama Naila wa Muscat: Umesema anayehamahama. Mimi nahamahama.

Beki Tatu: Kijana, omba radhi kamili, si ya kujitetea. Halafu Samatta wetu amepita Mazembe, Genk, Villa, Fenerbahçe, Antwerp, PAOK. Naye daladala?

Kijana wa Tabata: Samatta usimguse! Hao hao Salzburg aliwafunga 2019 akiwa na Genk.

Beki Tatu: Na Genk wakala 6-2, Haaland wa Salzburg peke yake matatu. Hujajibu swali.

Kijana wa Tabata: Samatta alitoka kwenda mbele. Ivanschitz alitoka Rapid, klabu ya watu, akaenda klabu ya kinywaji. Hata jina ni la kopo! Huko si mbele.

Mwalimu wa Zamu: Turudi kwenye mada. Kocha wa Austria, Krankl, alimpa unahodha wa taifa akiwa na miaka 19. Euro 2008 alikuwa nahodha, nyumbani, akafunga ile penalti dhidi ya Poland. Msaliti gani huyo?

Kiungo Mkabaji: Mwalimu, niko upande wako, ila penalti ile alipiga Vastić, mzee wa miaka 38, dakika za nyongeza. Ndilo bao pekee la Austria mashindano yale. Ballack wa Ujerumani akawamaliza kwa mpira wa adhabu.

Mwalimu wa Zamu: Sawa, nimekosea mpigaji. Lakini kilichofuata mnakijua. Kocha Constantini alipokuja timu ya taifa 2009 akamweka nje, na kijana yuko Mainz anacheza Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Mainz ya kocha Tuchel ilishinda mechi saba za kwanza mfululizo msimu wa 2010! Mchezaji wa timu ile haitwi kwao? Mpaka kocha mwingine, Koller, alipokuja ndiyo akarudi. Hilo ndilo linaloniuma, si Rapid.

Kijana wa Tabata: Seattle 2016 walibeba kombe la ligi ya Marekani kwa penalti, bila shuti hata moja lililolenga goli kwa dakika 120. Aliyewabeba ni kipa Frei. Huo nao mtauita ubingwa wa Ivanschitz?

Beki Tatu: Medali haiulizi mashuti. Austria, Marekani, kisha Plzeň 2018 Jamhuri ya Czech. Ubingwa wa nchi tatu. Wewe umebeba nini Tabata, zaidi ya jezi ya kuazima?

Kijana wa Tabata: Ukinitukana mimi hoja yako haipati nguvu. Nililelewa na klabu ya mtaani. Nahodha wetu aliondoka katikati ya msimu, asubuhi tukakuta kabati lake tupu. Hakuaga hata wale wadogo waliokuwa wakimbebea viatu. Nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana naongea hivi.

Mama Naila wa Muscat: Hapo nimekuelewa, mwanangu. Kumbe kinachouma ni kutoagwa.

Kijana wa Tabata: Ndiyo, Mama. Na neno la daladala nalifuta. Nisamehe. Mkataba wa Muscat unaisha lini?

Mama Naila wa Muscat: Desemba. Bado hawajaniambia kama wataongeza.