Taarifa ya mkopo imeandika "outstanding", je nimechelewa kulipa?

Mama Tunu: Habari za jioni wakuu, naombeni msaada. Mimi ni mwalimu. Nilikopa milioni 6 za miaka 2 kwa riba ya 16% kwa mwaka, nakatwa 293,779 kila mwezi kwenye mshahara. Nimeshakatwa miezi 10, hakuna uliorukwa. Leo nimechukua taarifa ya mkopo nakuta "outstanding balance", kama 3,729,000 hivi. Neno hili nalijua kwa mwanafunzi aliyefaulu kupita wenzake wote. Hapa lina maana gani? Ndiyo nimeshawekwa kwa wadaiwa sugu? Sina amani kabisa.

Mhasibu Mkongwe: Pole dada, ondoa hofu. Kwenye fedha, outstanding ni kile ambacho bado hakijamalizwa. Hilo ni salio la deni, na hata anayelipa kwa wakati analo mpaka rejesho la mwisho. Ungekuwa umechelewa ungekuta "overdue" au "arrears", yaani malimbikizo. Tafuta mstari huo. Ukiwa 0 huna tatizo. Hata hundi uliyomwandikia mtu akawa hajaipeleka benki tunaiita outstanding, na hapo hakuna aliyekosea.

Kijana wa Hisa: Naongezea kidogo. "Outstanding shares" si deni, ni hisa zilizotolewa na ziko mikononi mwa wanahisa. Za benki ya NMB ni 500,000,000. Faida ya mwaka ikigawanywa kwa idadi hiyo unapata faida ya kila hisa.

Mama Tunu: Alhamdulillah, arrears ni 0! Asanteni sana. Ila miezi 14 iliyobaki mara 293,779 napata 4,112,906. Mbona wao wameandika pungufu?

Mhasibu Mkongwe: Umeuliza la maana, wengi hupoteza hela hapa. Hiyo 3,729,000 ni deni la msingi lililobaki. Tofauti, kama 384,000, ni riba ya miezi ambayo haijafika, maana riba yako inapigwa kwenye salio linalopungua. Kwa hiyo ukitaka kuumaliza mkopo leo, usikubali kulipa makato yote 14. Omba barua ya kiasi cha kufunga mkopo, iwe na tarehe, na usome mkataba kama una tozo ya kulipa mapema.

Mama Tunu: Kesho asubuhi naenda kuiomba.