Tupeane uzoefu: kupima, karantini na zile saa 72 kwa msafiri anayeanzia Mtwara au Lindi

Mwana Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Korona iliondolewa kwenye orodha ya dharura za dunia tarehe 5 Mei 2023 na masharti ya kupima yamekwisha karibu kila mahali. Lakini kila ugonjwa ukizuka, kama Marburg kule Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025, maswali yanarudi yaleyale: nipime lini, wapi, nibebe karatasi gani. Majibu mengi yaliyoko yameandikwa kwa mtu anayekaa Dar, ambaye uwanja wa ndege uko daladala mbili kutoka kwake. Huku Kusini hesabu ni nyingine. Tuweke hapa kanuni, saa na sababu. Nani alilala wapi na nani alilia kaunta tuliache.

Naanza na saa. Wengi walidhani saa 72 za uhai wa kipimo cha korona zinaanza majibu yakitoka. Hapana, karibu nchi zote zilihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa. Majibu yakikaa maabara saa 30, hizo zimeshaliwa. Halafu angalia hesabu inaishia wapi. Tanzania ilirudi nyuma kutoka saa ya kufika nchini. Kanada ilihesabu kutoka ratiba ya kuondoka kwa ndege ya mwisho inayoingia Kanada, hivyo aliyekaa muda mrefu njiani aliumia. Marekani ilitumia siku badala ya saa: siku 3 kuanzia Januari 2021, ikabana hadi siku 1 tarehe 6 Desemba 2021, ikafuta kabisa 12 Juni 2022. Kwa kuwa ni siku, ndege ya Ijumaa usiku ilikubali kipimo cha Alhamisi asubuhi, ingawa saa 24 zilishapita.

Wakala Shangani

Naongezea hesabu yenyewe, maana watu hupanga kuanzia nyumbani kwenda mbele. Panga kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Chukua mfano. Unafika unakokwenda Ijumaa saa 12 asubuhi kwa saa za Dar. Rudi saa 72, unaangukia Jumanne saa 12 asubuhi, na sampuli haitakiwi kuchukuliwa kabla ya hapo. Ndege inaondoka Dar Alhamisi saa 11 jioni, kwa hiyo kaunta uwe umefika saa 8 mchana. Ukipima Mtwara Jumanne saa 2 asubuhi, majibu lazima yawe mkononi ndani ya saa 54, na ndani ya saa hizohizo wewe mwenyewe uwe umesafiri kwenda Dar. Kilomita 560 hivi kwa basi ni siku nzima.

Kwa masharti ya saa 72 kuanzia mkoani kunawezekana. Kwa saa 48 tangulia Dar, pima huko, usibishane na barabara. Waliokuwa huku Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya wanakumbuka barabara ilivyokatika maeneo ya Somanga, magari yakalala siku kadhaa. Masika yakikolea weka siku mbili za ziada, au kata tiketi ya ndege ya ndani.

Na tiketi za ndani na za nje zikiwa mbili tofauti, shirika la pili halina wajibu wowote ukichelewa na la kwanza. Wanakuandika hukutokea, na mara nyingi safari ya kurudi nayo inafutwa.

Maabara Lindi

Kabla ya kulipia, uliza jambo moja: sampuli inapimwa hapahapa au inasafirishwa, na kama inasafirishwa, gari linaondoka saa ngapi? Ukifika nusu saa baada ya gari kuondoka, sampuli yako inalala mpaka kesho. Ikichukuliwa Ijumaa mchana, hatari ni kubwa zaidi.

Sampuli ya PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi) ikishawekwa kwenye kimiminika chake hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi saa 72. Deli likiwa na barafu chache na joto la Kusini, au kifuniko cha kichupa hakikubanwa, unaletewa jibu ambalo si hasi wala chanya, na unarudia mwanzo. Sababu nyingine ni kijiti kuishia mlangoni mwa pua. Kinatakiwa kifike nyuma kabisa, pale macho yanapotoa machozi. Ukimwomba mhudumu akuonee huruma, unajiumiza mwenyewe.

Maabara nyingi hupima kwa mafungu. Mashine inasubiri ijae au ifike saa yake. Ndiyo maana aliyepima saa 3 na aliyepima saa 6 wanaweza kupata majibu dakika moja.

Jambo lingine ambalo halikueleweka: mtu akishapona, PCR inaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa, kwa sababu inanasa mabaki ya vinasaba vya kirusi. Kurudia kupima kila siku ni kupoteza pesa. Dawa yake ilikuwa cheti cha kupona. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubali kipimo chanya chenye umri wa kuanzia siku 11 hadi siku 180. Marekani ilikubali hadi siku 90, pamoja na barua ya daktari. Kwa hiyo karatasi ya chanya usiichane, ni mali.

Steshenari ya Stendi

Majina ndiyo yaliyoua safari nyingi kuliko kirusi chenyewe. Fatma na Fatuma, Said na Saidi, Hadija na Khadija: huku kwetu ni mtu yuleyule, kwa mashine ya uwanjani ni watu wawili. Usiandike jina kwa mazoea wala kwa kitambulisho cha NIDA. Fungua pasipoti, tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <<<, nakili herufi kwa herufi, na namba ya pasipoti uihakiki mara mbili (sifuri na herufi O zinafanana sana). Kwenye Pimacovid, mfumo wa Wizara ya Afya wa kuomba kipimo mtandaoni, ulijaza mwenyewe, ukapewa control namba, ukalipa kwa simu au benki. Ulichokiandika ndicho kilichotokea kwenye cheti. Kurekebisha kabla ya kulipa ni dakika moja. Ukigundua kosa majibu yameshatoka, unaanza kutafutana na watu kwenye simu.

Saa nazo. Cheti kikiandika sampuli 08:30 ni saa mbili na nusu asubuhi. Kuna waliosoma saa nane na nusu mchana, wakajipa saa sita ambazo hawana.

Kuchapa: karatasi ya A4, nakala mbili, usikunje kwenye msimbo wa QR, na usichape na wino unaoishia. Faili lenyewe lihifadhiwe ndani ya simu, maana mtandao uwanjani si wa kutegemea. Halafu skani QR mwenyewe kabla hujaondoka. Ikifungua tovuti isiyoishia na .go.tz kwa cheti cha Serikali ya Tanzania, umeuziwa feki. Na anayekuletea majibu bila kukugusa pua huhitaji kuskani chochote kumjua.

Masasi Junction

Mpaka wa Msumbiji haujasemwa. Ukivukia Kilambo au Daraja la Umoja kule Mtambaswala, kumbuka Msumbiji iko nyuma yetu saa moja. Kwenye cheti kinachohesabiwa kwa saa, hiyo moja inaweza kukuokoa ukienda na kukuangusha ukirudi. Kilambo pana kivuko na panategemea kina cha maji ya Ruvuma, kwa hiyo cheti kinachobakiza saa mbili tatu usikipeleke pale. Daraja halisubiri maji.

Madereva wa malori walikuwa na utaratibu wao. Ndani ya Afrika Mashariki cheti cha dereva kilidumu siku 14, tofauti na abiria wa kawaida. Utingo aliyedhani anabebwa na karatasi ya dereva alishushwa.

Kadi ya njano ndiyo imebaki hai hadi leo. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 11 Julai 2016 ni ya maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Afisa akikomalia tarehe ya mwisho, mweleze kwa adabu kuwa ni Kanuni za Afya za Kimataifa zilizobadilishwa. Kuchoma siku mbili kabla ya safari hakusaidii kitu.

Mwana Mikindani

Ahsante Masasi. Karantini je? Hapo ndipo fedha zilipokwenda.

Wakala Shangani

Kwanza ujue nchi nyingi zilihesabu siku ya kufika kuwa siku sifuri. Ukiambiwa siku 10, siku ya kwanza ni kesho yake. Watu walikata tiketi ya kuendelea mbele wakakosea kwa siku moja.

Pili, nchi unayopita inahesabika. Uingereza ilianza hoteli za lazima 15 Februari 2021 kwa aliyekuwa nchi ya orodha nyekundu (zilizohesabiwa hatari kwa korona) ndani ya siku 10 zilizopita, hata kama alikaa uwanjani tu kubadilisha ndege. Tanzania iliwekwa humo Januari 2021, ikatolewa Oktoba. Mtu mzima alilipa pauni 1,750, ikapanda hadi 2,285 mwezi Agosti. Tofauti kati ya kupita nchi moja na nyingine ilikuwa ni mamilioni ya shilingi, na tiketi ya bei nafuu ndiyo ilikuwa mtego.

Tatu, anayeamua upande ndege ni mtu wa kaunta, na yeye anasoma mfumo uitwao Timatic. Barua ya mwenyeji wako, picha ya skrini ya wiki iliyopita, maneno ya shemeji aliyepita juzi, vyote havimhusu. Shirika likimbeba abiria asiyekubalika, linamrudisha kwa gharama ya shirika lenyewe na huenda likapigwa faini, ndiyo maana hawalegezi. Soma masharti siku ya kukata tiketi, siku ya kupima, na asubuhi ya kuondoka. Mwishoni mwa Novemba 2021, Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipotangazwa, nchi zilibadilisha sheria watu wakiwa angani.

Maabara Lindi

Nne, chanjo. Kupata sindano na kuhesabika umechanjwa ni mambo mawili. Nchi nyingi zilitaka siku 14 zipite tangu dozi ya mwisho, na Janssen ilikuwa dozi moja. Nyingine, kama Uingereza mwaka 2021, ziliangalia pia nchi iliyotoa cheti: chanjo ileile, cheti cha nchi isiyo kwenye orodha yao, unaonekana hujachanjwa.

Bi Mkubwa Kilwa

Wanangu, msisahau wanaokwenda Hija. Mwaka 2022 Saudia iliweka umri chini ya miaka 65, chanjo, na PCR ya saa 72. Hayo yameondoka, lakini chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne (ACWY) bado inadaiwa, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti kinadumu miaka 3 au 5 kutegemea aina ya chanjo, na aina isipoandikwa wanahesabu 3. Mwambie muuguzi aiandike.

Mgeni wa Nangurukuru

Shikamoo Bi Mkubwa. Na watoto, wakuu? Kuna anayesema watoto hawakupimwa.

Wakala Shangani

Kila nchi na umri wake. Marekani ilisamehe walio chini ya miaka 2, Kanada chini ya 5, Uingereza chini ya 11, Falme za Kiarabu chini ya 12. Mtoto wa miaka 6 anayepita Dubai kwenda Kanada alisamehewa na Dubai akadaiwa na Kanada. Fuata sharti kali kuliko yote njiani.

Maabara Lindi

Kwa Marburg na Ebola utaratibu ni tofauti na korona. Abiria wa kawaida hadaiwi cheti hasi. Wanapima joto, wanauliza ulikuwa wapi na uligusana na nani, na aliyegusana na mgonjwa anafuatiliwa siku 21, ambazo ndizo za juu kabisa kwa dalili kujitokeza. Mlipuko unatangazwa kwisha siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya.

Kwa watu wa mikoa hii homa inaweza kuwa ni malaria. Ukijisikia vibaya siku tatu kabla, pima, ukikutwa nayo anza dozi, na beba karatasi ya majibu yenye tarehe na jina la kituo. Haitakuondolea uchunguzi, ila daktari wa mpakani anapata pa kuanzia. Usimeze panado saa moja kabla ya kupimwa joto ili upite. Homa ikirudi ndani ya ndege, ukishuka utakuwa na maswali mengi zaidi ya kujibu, na waliokaa karibu nawe pia.